Upande wa Kushoto Kuna Mtu

Wakati wa vita vya shifta, serikali ya Kenya ikipigana na waasi wa Kisomali, nilikuwa mwalimu wa jiografia katika chuo kidogo cha ualimu pale Garissa, na nilikabidhiwa timu ya kandanda kwa sababu moja tu: siku ya kuripoti kazini nilijigamba kwamba shuleni nilicheza beki. Ulimi uliponza kichwa. Mkuu wa chuo, mtu wa bara kama mimi, aliamini kuwa hakuna jambo lisilotengenezwa na ratiba nzuri. Aliniita akaniambia nikipime kikosi kabla ya mechi ya kufungua msimu. Tungecheza na timu ya boma, yaani makarani, madereva na askari jela, na mkuu wa wilaya angekuja kutazama ili watu waone kuwa mji umetulia. Swali la mkuu wa chuo lilikuwa jepesi. Katika kila nafasi, aliyepo akianguka, nani yuko nyuma yake?

Swali hilo nililipenda. Nimelelewa katika nyumba ya watoto wengi huko milimani, na kwetu kiti hakikai wazi. Ukichelewa chakula, sahani yako imeshapata mwenyewe. Baba alipofariki, kaka yangu mkubwa aliketi kwenye kigoda chake jioni ile ile tuliyotoka kuzika, na hakuna aliyeshangaa. Hivyo ndivyo nilivyoitazama timu. Mtu mbele, mtu nyuma, na pengo likitokea unamsukuma aliye nyuma anaingia.

Nikawa nawapima jioni uwanjani. Kuuita uwanja ni kuupa heshima isiyo yake. Ulikuwa mchanga mwekundu uliong'olewa miiba, magoli ya mabomba ya chuma yaliyovuma upepo ukipita, na pembeni kwa upande wa kushoto, ule wa kuelekea mto Tana, kulikuwa na migunga mikubwa ambamo korongo walikuwa wakilala. Nasema wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko shingoni. Tukianza mazoezi walishuka, wakasimama kando ya mstari ule wa kushoto, wakatutazama. Sikuwapenda tangu siku ya kwanza.

Kipa wa kwanza alikuwa kijana wa Wajir, mrefu hata mlangoni aliinama. Nyuma yake nilikuwa na kijana wa bara mwenye mikono mizuri sana na woga mkubwa wa mpira. Mabeki nilikuwa nao wa kutosha, wote wakali, ingawa wawili kati yao walikuwa hawatofautishi mpira na mguu wa mtu. Katikati nilijiona tajiri. Hafubeki wa kulia alikuwa hodari kuliko wote waliobaki, na nyuma yake kulikuwa na kijana mnene kutoka Modogashe, mtoto wa dereva wa lori, ambaye alikimbia polepole lakini hakuna aliyeweza kumpita kwa sababu hakukuwa na njia ya kumzunguka. Senta fowadi nilikuwa naye mmoja na nusu. Ile nusu ni yule aliyeshikwa na malaria kila akisikia neno mazoezi.

Mbele kushoto hakukuwa na mtu, na hapo ndipo nilipokwama.

Winga wetu wa kushoto alitoka upande wa Liboi, kule mpakani mwa Somalia, na ndiye aliyekuwa mchezaji wetu bora. Alikuwa mwembamba, mpole, mtu asiye na maneno mengi. Akitaka mpira hakuita kama wenzake. Alipiga makofi mawili, pa, pa, na ukigeuka kumtazama alikuwa ameshakimbia. Likizo ilipofika alipanda lori kwenda kwa babu yake kwenye ngamia. Likizo ikaisha, lori likarudi bila yeye. Siku hizo mtu asiporudi kulikuwa na majibu machache tu, na yote mabaya. Labda alijiunga na shifta. Labda alidhaniwa ni shifta. Labda gari lilikanyaga bomu, au alichukuliwa akatiwa ndani ya ua wa seng'enge pamoja na watu wa kijiji kizima. Hakuna aliyejua, na waliotamani kujua hawakuuliza kwa sauti.

Mama yake alikuwa akiishi hapo hapo mjini, akiuza maziwa ya ngamia sokoni. Na yule hafubeki wangu wa kulia, huyo hodari, alikuwa mtoto wa baba mdogo wa winga. Walilelewa nyumba moja na mama huyo mmoja. Alitumia miguu yote miwili, alikuwa na kasi, na alijua kila hila ya nduguye. Mimi nikaona jibu liko wazi kama mchana. Huyu anahamia kushoto, mnene wa Modogashe anaingia mahali pake, na kikosi kimekamilika. Nikajisifu moyoni.

Jioni hiyo nikamwambia, "Leo wewe unacheza winga ya kushoto."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo. "Mwalimu, hapo kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Ndugu yangu."

"Ndugu yako yuko wapi?"

"Mimi sijui yuko wabi. Lakini hiyo nafasi iko na mtu."

Mimi hasira zangu ziko karibu, sijawahi kuzificha. Nikamwambia mbele ya wote, "Kwani nimekuomba urithi mke wake? Nimekuomba ukimbie kando ya mstari!"

Hakuna aliyecheka. Wale vijana ambao kwa kawaida hucheka mpaka wanakaa chini wote walitazama mchanga. Nikajua nimegusa mahali, ila sikujua ni wapi. Kipa wa Wajir ndiye aliyekuja kunieleza, taratibu, kama anamfundisha mtoto mpole asiyeelewa haraka.

"Macallin," akasema, maana hivyo ndivyo walivyoniita, mwalimu kwa Kisomali, "umesema kweli, na wewe hujui. Mtu akifa, ndugu yake nachukua bahali yake. Bibi yake, watoto yake, kila kitu. Hiyo ni haki. Lakini mtu nimebotea tu, habari yake haijafika, bahali yake hakuna mtu nakaa. Ndugu akikaa, yeye namesema: huyu amekufa. Sasa nani nimesema amekufa?"

"Huu ni mpira tu," nikasema.

"Haa," akakubali. "Lakini nafasi ni nafasi."

Mpaka leo sijui kama hiyo ni desturi ya Wasomali wote au ya ukoo wao peke yake. Wakati ule sikutaka kujua. Nilimchukua kijana mmoja wa bara, asiye na undugu na mtu yeyote pale, nikamweka kushoto. Alicheza hapo jioni moja. Si kwamba wenzake walimnyima mpira kwa ubaya. Waliupeleka kushoto kama kawaida, ila waliupeleka mbele yake au nyuma yake, mahali ambapo mwenyewe angekuwa. Kijana alisimama kando ya korongo wale, mikono kwapani. Kabla hatujamaliza alinijia. "Mwalimu, nitoe pale," akasema. "Kuna baridi."

Garissa, ambako hata mjusi anatafuta kivuli! Nilimshika mkono nimkaripie. Ulikuwa wa baridi kweli. Nikamtoa.

Basi tukaanza kufanya mazoezi na upande wa kushoto ukiwa wazi. Nilidhani watachoka na upuuzi huo wenyewe, lakini ikawa kinyume. Walizidi kucheza vizuri. Mpira ulitoka kwa kipa, ukapita katikati, ukapigwa kushoto kwenye mchanga mtupu, na wote wakasubiri. Hawakusubiri ovyo. Walisubiri muda ule ule ambao yeye angechukua kuufikia, kuutuliza, na kuinua kichwa. Kisha mmoja akaenda kuuchukua na mchezo ukaendelea. Kikosi cha pili, kilichokuwa kikicheza dhidi yao, nacho kiliweka beki wa kumkaba. Beki yule alirudi nyuma hatua kwa hatua, macho yake yakiwa usawa wa kifua cha mtu, halafu akapitwa. Niliona kabisa jinsi alivyopitwa. Alijigeuza kwa kuchelewa, akajipiga paja kwa hasira.

"Umepitwa na nani?" nikamfokea.

Akaona haya. "Samahani, mwalimu," akasema, "nilidhani atakwenda ndani."

Nilipuliza filimbi, nikawafukuza wote, nikaenda nyumbani nimekasirika. Nilikuwa naishi katika nyumba ya mabati nyuma ya chuo, na kwa sababu ya kafyu hakukuwa na pa kwenda. Nilikaa nikijiambia kuwa mimi ni mtu niliyesoma, na kwamba vijana hawa wamechoka kwa hofu ya kila siku, ndiyo maana wanacheza michezo ya kitoto. Maelezo hayo yalinitosha mpaka jioni iliyofuata.

Jioni hiyo mazoezi yalikuwa mazuri mno. Senta fowadi alikuwa amebanwa na mabeki wawili, amekwama, na mimi nikiwa kando ya mstari nikapiga kelele, "Mpe kushoto! Kushoto yuko peke yake!"

Nilijisikia nikisema. Mpira ukapigwa kushoto. Na kabla haujafika nikasikia wazi, kutoka upande ule, pa, pa.

Nikageuka. Korongo walikuwa wamesimama pale pale. Najua ndege hao hugonganisha midomo yao, na sauti yake ni kama ya vibao viwili. Ninajua hilo leo, na nililijua siku ile pia. Lakini sitasema uongo, niliogopa. Niliogopa hasa kwa sababu wachezaji hawakugeuka kabisa. Wao walikuwa wanautazama mpira ulioviringika polepole kwenye mchanga, ukasimama mahali ambapo mguu ungeusimamisha.

Jumamosi nilikwenda sokoni. Mama yake winga alikuwa amekaa mahali pake pa kila siku, kwenye kivuli cha ukuta wa duka, vyombo vyake vya maziwa mbele yake vikinukia moshi. Nilikuwa nikinunua kwake tangu nilipofika Garissa, na tangu mwanawe apotee nilikuwa nikimsalimu haraka na kuondoka. Safari hii aliniita.

"Mwalimu. Habari ya mbira?"

"Nzuri, mama."

"Bahali ya kijana yangu. Umeweka mtu?"

Hakuuliza kama nimesikia habari kutoka Liboi. Hakuuliza kama serikali imesema lolote. Aliuliza hilo tu, na mkono wake ulikuwa umeshika mfuniko wa chombo, haujaufungua.

"La, mama. Sijaweka."

"Wallahi?"

"Wallahi," nikasema, mimi mtoto wa mzee wa kanisa.

Akafungua chombo, akanimiminia. "Basi iko hai," akasema. Kisha akanitazama moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. "Usiweke mtu, mwalimu. Mimi nakuomba."

Nikamwahidi. Nilipokuwa narudi chuoni na maziwa yangu nilijicheka, kisha nikaacha kujicheka. Nilikuwa nimetumwa kutafuta nani yuko nyuma ya nani, na sasa nilikuwa nimeahidi kumlinda mtu kwa kutomweka yeyote nyuma yake. Tangu siku hiyo niliutaka upande ule ubaki wazi kwa nguvu zangu zote. Asubuhi nilipokuwa nikipita uwanjani nilitupa jicho kushoto, na kuona hakuna mtu kulinifariji. Hakuna mtu maana yake yupo. Sijui niliwezaje kuamini hivyo na bado nikaingia darasani kufundisha misimu ya mvua.

Mkuu wa chuo alisikia. Aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Nimeambiwa unafundisha vijana kucheza na mzimu."

"Si mzimu, bwana mkuu. Mzimu ni wa aliyekufa."

"Basi ni nini?"

"Ni mchezaji aliyechelewa."

Alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa na hofu kama sisi sote, na hofu yake ilitafuta mpangilio. "Mkuu wa wilaya anakuja," akasema. "Akiona pengo atauliza nani hayupo. Tukimwambia, ataandika. Unataka aandike?"

Hilo lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa na akili. "Tutacheza kumi," nikasema. "Nitasema mmoja ni mgonjwa."

"Jua la hapa limekupanda kichwani," akasema, akavaa tena miwani.

Siku ya mechi, asubuhi, msafara wa malori uliingia kutoka upande wa mpakani ukisindikizwa na askari. Niliyaona yakipita, yamejaa vumbi, watu wamekaa juu ya magunia bila kuzungumza. Sikuulizia. Nilikwenda mapema uwanjani kupanga jezi kwenye benchi, nikaiweka namba kumi na moja mwishoni, nikaikunja vizuri, nikaiwekea jiwe juu upepo usiipeleke. Nilikuwa na nia ya kuiacha hapo mpaka mwisho wa mchezo.

Nilipoinua macho niligundua kwamba korongo hawapo. Migunga ilikuwa mitupu. Siwapendi ndege wale, nimeshasema, lakini nilijikuta nikiwatafuta juu ya mto, juu ya mikoma, kila mahali.

Watu wakaja. Timu ya boma ikaja na mkuu wa wilaya kwenye kiti cha kukunja. Vijana wangu wakavaa jezi. Hafubeki wa kulia hakuwepo, na hakuna mwenzake aliyetaka kunitazama nilipouliza. Nikamwambia mnene wa Modogashe avae namba ya hafubeki, nikawahesabu wote waliovaa jezi, wakawa kumi. Nikashukuru, Mungu anisamehe, nikashukuru kwamba ni kumi.

Refa alikuwa ameshatia filimbi mdomoni alipotokea yule hafubeki wangu. Alikuja kutoka upande wa mji, hakukimbia ingawa alikuwa amechelewa. Alikuwa na vumbi miguuni. Hakunisalimu, naye alikuwa kijana wa adabu ambaye hakuwahi kunipita bila salamu. Alikwenda moja kwa moja mwisho wa benchi, akaliondoa lile jiwe akaliweka chini taratibu, akachukua namba kumi na moja, akaivaa.

"Ngoja," nikamwambia. "Ngoja kwanza. Nafasi yako ni kulia. Kulia, kijana wangu."

"Hapana, mwalimu," akasema.

"Hapo kuna mtu," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya kuomba.

Akanitazama, na macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu. "Sasa ni mimi," akasema, akaingia uwanjani.

Kipa wa Wajir aliinua viganja vyake mbele ya uso, midomo ikicheza, kisha akajipangusa uso kwa viganja hivyo. Mabeki wakafanya vivyo hivyo, mmoja mmoja. Makarani wa boma walidhani wanaomba ushindi. Mkuu wa chuo alinipiga begani, uso umemng'ara. "Si ulisema huna winga!" akasema. "Kikosi kimekamilika!"

Ng'ambo ya uwanja, kando ya barabara, mama yake winga alikuwa amesimama. Hakuwa na vyombo vya maziwa. Mikono yake ilining'inia tu, kama ya mtu aliyetua mzigo na hajui sasa aiweke wapi. Sikuweza kumtazama, na sikuweza kuacha kumtazama.

Filimbi ikalia. Mpira ukaanza kwetu, ukarudi kwa hafubeki, na kule kushoto nikasikia makofi mawili, pa, pa. Safari hii wote waligeuka. Mpira ukapigwa kushoto, ukaviringika juu ya mchanga ule ule, na kwa mara ya kwanza muhula huo kulikuwa na mguu wa kuupokea.